Tikiti, Magamba na Maji ya Zabibu: Uhakiki wa Tafsiri Moja Ihusuyo Divai Nyeupe

Utangulizi

Kazi nyingi zinazoletwa kwenye meza ya istilahi ili zisomwe na kutolewa maoni huwa ni za sheria, za afya au za kilimo. Ni mara chache kuletwa kazi ihusuyo chakula na kinywaji, kana kwamba mambo ya mezani hayana haja ya istilahi. Kazi tunayoihakiki katika makala haya ni ya aina hiyo adimu. Ni kurasa sita zilizopigwa chapa, zilizofasiriwa kutoka Kiingereza, zihusuzo divai nyeupe ya Ufaransa iitwayo Muscadet na vyakula vifaavyo kuliwa pamoja nayo. Zimeletwa na mwalimu mmoja wa Majengo, katika mji wa Sumbawanga, anayewafundisha vijana kazi ya uhudumu wa hoteli na migahawa. Barua yake ni fupi. Anasema wanafunzi wake wamezisoma kurasa hizo mara mbili, na bado hawajui kinywaji hicho kina ladha gani wala kimetengenezwa kwa kitu gani. Anauliza: je, kosa ni lao au ni la maandishi?

Jibu letu ni kwamba kosa ni la maandishi. Hatumtaji mfasiri wala waliomwajiri, kwa sababu makosa yaliyomo humu si ya mtu mmoja. Ni makosa ya mazoea, na msomaji aliyewahi kufasiri maelekezo ya dawa au orodha ya vyakula ya hoteli atayatambua mara moja. Tunayachambua kwa kuwa neno la mezani lina kazi mbili ambazo haliwezi kuziacha. Kwanza, limweleze mlaji atakachokikuta kinywani. Pili, limwambie bila kificho kilichomo katika sahani na katika glasi. Tafsiri hii imeshindwa katika kazi zote mbili, na kushindwa kwake katika kazi ya pili kunaweza kumdhuru mtu.

Kinywaji chenyewe

Haiwezekani kuhakiki tafsiri pasipo kukijua kitu kinachofasiriwa. Muscadet ni divai nyeupe itengenezwayo magharibi ya Ufaransa, karibu na mji wa Nantes, mahali ambapo mto Loire unakaribia kuingia katika bahari ya Atlantiki. Sehemu yake mashuhuri zaidi huitwa Muscadet Sèvre et Maine, kwa majina ya mito miwili ya huko, na ilipata ulinzi wa jina kwa sheria ya Ufaransa mwaka 1936. Tangu hapo, mtu wa mahali pengine hawezi kutengeneza divai yake na kuiita kwa jina hilo. Zabibu zinazotumika ni za aina moja, nazo huitwa Melon de Bourgogne. Aina hiyo ilienea huko baada ya majira ya baridi kali ya mwaka 1709 kuiangamiza mizabibu mingi, kwa kuwa yenyewe huvumilia baridi.

Divai hii ni nyepesi. Haina utamu wa sukari, ina ukali mzuri kama wa ndimu, na ulevi wake ni kiasi cha asilimia 12 ya ujazo au pungufu kidogo. Nyingine huachwa juu ya mashapo yake majira yote ya baridi, kisha hutiwa chupani kuanzia mwezi Machi. Hilo huipa ladha iliyojaa zaidi na pengine mchomo mdogo wa hewa ulimini. Watu wa Nantes huinywa pamoja na chaza, kome na samaki, wa bahari na wa mto.

Hayo ndiyo maelezo yote anayohitaji kijana wa Majengo ili aweze kumhudumia mgeni. Sasa na tuone alichopewa.

Majina yaliyofasiriwa yasipofaa

Katika ukurasa wa kwanza tunasoma kwamba Muscadet ni "divai ya miski iliyotengenezwa kwa tikiti la Burgundy." Sentensi hii moja ina makosa mawili yaliyotokana na chanzo kimoja: mfasiri ameyachukua majina ya pekee akayafanya maneno ya kawaida.

Neno Melon, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, ni jina la tunda tuliitalo tikiti. Lakini hapa ni jina la aina ya zabibu. Mwanafunzi anayeamini alichofundishwa atasimama mbele ya mgeni na kumwambia kwamba divai hiyo imekamuliwa katika matikiti. Huko Ufipa mkulima ajuaye majina ya mbegu za mahindi na maharage hawezi kukosea hivyo, kwa maana anajua kuwa mbegu hupewa jina la mahali, la mtu, au la mnyama, wala jina hilo halibadilishi mmea. Ama kuhusu "miski," mfasiri amedhani kuwa Muscadet ni sawa na zabibu za Muscat, ambazo zina harufu kali ya manukato. Hizo ni zabibu nyingine kabisa, na Muscadet haina harufu hiyo.

Kanuni ni nyepesi. Jina la aina ya mmea, na jina lililolindwa kisheria la kinywaji au chakula cha mahali fulani, halifasiriwi. Huachwa kama lilivyo na kutanguliwa na neno la Kiswahili litakalomwongoza msomaji: "divai ya Muscadet," "zabibu za aina ya Melon de Bourgogne." Neno hilo la kutangulia ndilo kazi halisi ya mfasiri mahali hapa.

Divai, mvinyo, pombe

Kosa la pili ni la kutokuwa na msimamo. Katika kurasa sita, kinywaji hikihiki kimeitwa divai, mvinyo, pombe ya zabibu, na mara mbili "maji ya zabibu." Tutarudi kwenye jina hilo la mwisho, kwa kuwa lina uzito wake. Kwanza tutazame mawili ya mwanzo, ambayo yote ni ya Kiswahili cha haki.

Mvinyo ni neno lenye asili ya Kireno, mabaki ya miaka ambayo Wareno walikuwa na nguvu katika pwani yetu, kabla ya kuondolewa Mombasa mwaka 1698. Divai asili yake ni Kifaransa. Mapadre wa Kifaransa walifika Zanzibar katika miaka ya 1860, wakafungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na Mapadre Weupe wakashika kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Karema leo imo katika Mkoa wa Katavi, lakini kwa watu wa Ufipa ni jina la nyumbani. Haishangazi basi kwamba neno divai limezoeleka zaidi kanisani. Hata tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, ijulikanayo kama Union Version, hutumia divai katika habari ya arusi ya Kana, na mahali pengine hutumia mvinyo.

Mvinyo limekuwa na maana pana. Kamusi za zamani hulieleza kwa namna inayogusa hata vileo vikali vilivyokenekwa. Lakini katika biashara ya leo, hasa kwa habari za zabibu za Dodoma, mvinyo ndilo neno la magazeti, la wizara na la wakulima wenyewe. Kwa hiyo si kazi ya mwanaistilahi kuliua moja ili lingine liishi. Kazi yake ni kudai kwamba katika maandishi mamoja dhana moja iwe na neno moja. Makala haya yametumia divai, kwa kuwa matini yanayohakikiwa yalianza na divai. Ingekuwa mvinyo, tungeshika mvinyo hadi mwisho. Mwanafunzi akiona maneno manne, hudhani kuna vinywaji vinne.

Msamiati wa ladha

Sasa tufike kwenye ladha, ambako mfasiri amepotea zaidi, na ambako lugha yetu ina utajiri asioutumia. Anaandika: "Ni divai kavu, yenye mwili mwepesi na tindikali nyingi, iliyozeeka juu ya machicha yake, na ihudumiwe ikiwa imepoa." Tulichukue neno moja moja.

Kavu. Lugha nyingi za Ulaya huiita divai isiyo na utamu kwa neno lenye maana ya ukavu. Basi yaweza kusemwa kwamba Kiswahili nacho kifuate. Hoja hii ina nguvu, na hatuikatai yote. Lakini tujiulize dhana yenyewe ni nini. Zabibu zina sukari. Hamira huila sukari hiyo na kuigeuza kuwa kileo. Sukari ikiisha, divai hubaki bila utamu. Jambo hili Waswahili wanalijua tangu zamani katika tembo la mnazi. Likigemwa asubuhi huitwa tembo tamu. Likiachwa huchacha, na kufikia jioni limekuwa tembo kali. Vivyo hivyo togwa ikikaa hugeuka pombe. Je, tuseme basi "divai kali"? La, kwa sababu katika tembo neno kali limebeba mambo mawili: kuisha kwa utamu na kuongezeka kwa ulevi. Muscadet haina utamu, lakini ulevi wake si mkubwa kuliko wa divai nyingine. Kwa hiyo tunaona yafaa "kavu" likubaliwe kuwa istilahi ya lebo na ya vipimo, ambako pana haja ya daraja kutoka kavu hadi tamu, nalo lifafanuliwe kila linapoanza kutumika. Lakini mhudumu anapomweleza mgeni aseme kwa wazi: "haina utamu." Mgeni asiyejua istilahi hawezi kukisia kwamba kimiminika kinaweza kuwa kikavu.

Mwili mwepesi. Hii ni tafsiri sisisi. Divai haina mwili. Kiswahili husema uji mzito na uji mwepesi, mchuzi mzito na mchuzi mwepesi. Kila mama anayekoroga uji wa ulezi anaijua tofauti hiyo. "Divai nyepesi" yatosha, na neno "mwili" lifutwe.

Tindikali. Katika maabara neno hili ni sahihi. Mezani ni neno la kutisha, kwa kuwa watu wengi hulijua katika betri za magari na katika habari za watu waliounguzwa. Lugha ina neno ugwadu, yaani ukali wa embe bichi, wa ukwaju na wa ndimu, unaosisimua mate. Wengine watapendekeza uchachu. Twaona uchachu haufai hapa, kwa maana kilichochacha kwa kawaida ni kile kilichoharibika: maziwa, mchuzi wa jana, maharage yaliyolala. Mgeni akiambiwa kuwa divai ni chachu ataomba chupa nyingine. Neno ugwadu halijulikani sana bara, nasi tunakiri hivyo. Lakini limo katika kamusi, na mwalimu anaweza kulifundisha kwa kipande cha ndimu kwa muda mfupi kuliko anaohitaji kueleza tindikali.

Tofauti na ugwadu kuna ukakasi, yaani ule ukavu wa ndizi mbichi au wa chai ya rangi iliyokaa sana na majani yake, unaokaza ulimi na ufizi. Ukakasi hupatikana zaidi katika divai nyekundu, ambayo huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu. Mfasiri hakulitumia neno hili, na pengine ndiyo maana aliposhindwa kueleza kwa nini divai nyekundu mara nyingi haipendezi kwa samaki aliandika tu kwamba "rangi zao hazipatani." Si rangi. Ukakasi wa divai nyekundu ukikutana na mafuta ya samaki huweza kuacha ladha ya chuma kinywani.

Machicha. Hapa mwanafunzi wa Majengo anajua zaidi ya mfasiri. Machicha ni kile kinachobaki baada ya kitu kukamuliwa au kuchujwa: machicha ya nazi, machicha ya pombe. Katika pombe ya ulezi, kama kimpumu, machicha humo chunguni pamoja na kinywaji. Ndiyo sababu hutiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija, ili machicha yabaki na kinywaji kipande. Kinachotulia chini ya pipa la Muscadet ni kitu kingine: ni hamira iliyokwisha kufanya kazi yake na kuzama. Kitu kinachozama na kutulia chini huitwa mashapo. Basi tuseme "divai iliyotulia juu ya mashapo." Mwanafunzi akisoma "machicha," atamngoja mgeni aombe mrija.

Ihudumiwe ikiwa imepoa. Kwa Kiswahili anayehudumiwa ni mtu. Chakula huandaliwa na hupakuliwa. Kinywaji humiminwa au hutolewa. Kosa hili limeenea mno hata katika maofisi, nalo si dogo, kwa kuwa linamwondoa mgeni katika sentensi na kuiweka chupa mahali pake. Ama "imepoa," maana yake ni kwamba kitu kilikuwa cha moto kikaacha moto wake, kama chai iliyosahauliwa mezani. Divai nyeupe haikupata kuwa ya moto. Inatakiwa iwe baridi, kiasi cha nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Mahali ambapo watu wamezoea pombe iongezwayo maji ya moto, ni lazima mwalimu aseme "baridi" kwa uwazi.

Chakula: kuoana au kuchukuana

Sehemu ya pili ya kurasa hizo ni ya vyakula. Inaanza kwa kusema kwamba "Muscadet inaoana na samaki wa magamba" na kwamba "ndoa hii ni ya zamani." Picha ya ndoa ni ya Kifaransa, na huko ina uzuri wake. Kwetu haina haja, maana tunalo neno kuchukuana. Nguo huchukuana, rangi huchukuana, na hata watu wenye tabia zinazopatana husemwa kuwa wanachukuana. Divai nayo huchukuana na chakula. Kwa jina la somo tunapendekeza "mchukuano wa vyakula na vinywaji." Katika mazungumzo ya kila siku kuna neno jepesi zaidi: kushushia. Mtu huomba maji ya kushushia ugali, au chai ya kushushia mkate. Mhudumu anayesema "divai hii ni nzuri ya kushushia samaki" ameeleweka na kila mtu.

Lakini kosa zito katika sentensi ile si ndoa. Ni "samaki wa magamba." Kiingereza kina neno moja linalokusanya chaza, kome, kaa na kamba, na limejengwa kwa neno la samaki na neno la ganda gumu. Mfasiri ameyafasiri mafungu yote mawili, akapata kitu kinyume kabisa. Kwa Kiswahili, magamba ni yale yaliyo juu ya ngozi ya samaki, tunayoyaparua kwa kisu kabla ya kupika. Samaki wa magamba ni sato, ni sangara, ni migebuka wa Ziwa Tanganyika. Chaza na kome hawana magamba, wana makombe.

Tuone madhara yake. Katika sheria ya vyakula iliyomo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, viumbe wa majini wanaoruhusiwa ni wale wenye mapezi na magamba. Waadventista Wasabato huifuata sheria hiyo, nao ni wengi katika nchi yetu. Msabato akimuuliza mhudumu sahani hii ina nini, na mhudumu akajibu kwa uaminifu alivyofundishwa, "samaki wa magamba," mgeni huyo atakula kwa amani kitu ambacho dini yake imemkataza. Tena wapo watu ambao miili yao haivumilii chaza, kome au kamba. Kwao kula viumbe hao huleta uvimbe na kubanwa pumzi, na huweza kuua. Mtu huyo naye akisikia samaki wa magamba hatakuwa na shaka. Hakuna neno moja la Kiswahili linalokusanya viumbe wote hao, wala halihitajiki. Watajwe kwa majina yao: chaza, kome, kaa, kamba. Mlaji hali kundi la viumbe; anakula kiumbe kilichomo sahanini mwake.

Kisha tunasoma juu ya "samaki na siagi nyeupe." Kwa Kifaransa jina hilo ni la mchuzi mashuhuri wa Nantes, upikwao kwa vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa, vikachemshwa katika siki na divai nyeupe hadi karibu vikauke, kisha siagi ikakorogewa humo kidogo kidogo. Si siagi iliyo nyeupe. Uitwe "mchuzi wa siagi na siki." Linalofaa kuongezwa kwa ajili ya Sumbawanga ni kwamba mchuzi huo, kwa desturi ya huko, huliwa na samaki wa mto Loire, yaani wa maji baridi yasiyo na chumvi. Mwanafunzi ambaye hajapata kuona chaza angeelewa somo zima kwa migebuka na kuhe waletwao kutoka Kirando na Kasanga. Mfasiri mwenye kujali angeongeza sentensi hiyo moja. Badala yake, kurasa hizi zinamwacha kijana wa Ufipa akiamini kwamba ziwa lake halina nafasi katika somo hili.

Maji ya zabibu

Sasa turudi kwenye neno tuliloliahirisha. Katika ukurasa wa tano, kome wanasemwa kuwa "wamepikwa kwa maji ya zabibu," na mchuzi wa siagi "umetiwa maji ya zabibu yaliyokomaa." Kilichokusudiwa ni divai ileile. Kwa nini mfasiri, aliyeandika divai bila woga katika kurasa za mwanzo, amelikwepa neno hilo alipofika jikoni? Tunadhani ameona haya. Huenda aliona kwamba kusema chakula kimepikwa kwa kileo kutawaudhi wasomaji, akatafuta neno laini.

Staha ni sifa njema ya lugha yetu. Tunasema marehemu, tunasema kujisaidia, na hakuna anayedhurika, kwa sababu msikilizaji anajua kilichokusudiwa. Lakini staha inayomficha mlaji kitu anachokila imegeuka kuwa udanganyifu. Muislamu aliyemuuliza mhudumu na kujibiwa "maji ya zabibu" ataelewa sharubati. Vilevile mtu aliyeapa kuacha ulevi, au aliyekatazwa na daktari. Tena si kweli kwamba kileo chote hutoka motoni. Sehemu yake hubaki, kwa kadiri ya muda wa kupika. Na hata kama kingetoka chote, uamuzi wa kula au kutokula ni wa mgeni, wala si wa mfasiri.

Katika jambo hili hatuoni nafasi ya maoni mawili. Chakula kilichotiwa divai kiandikwe "kimepikwa kwa divai." Orodha ya vyakula iongeze maneno "kina kileo." Zabibu zilizokamuliwa zisichachuke ziitwe "maji ya zabibu" au "sharubati ya zabibu," na jina hilo lisipewe kinywaji kingine chochote.

Pingamizi

Yawezekana msomaji akauliza: yote haya kwa ajili ya divai ya Wafaransa, ambayo wachache mno katika Sumbawanga watapata kuionja? Tunajibu kwamba maneno haya si ya Wafaransa. Tanzania yenyewe ni nchi ya divai. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na miongoni mwa aina zinazolimwa huko ni Chenin Blanc, aina ya zabibu nyeupe ambayo kwao ni bonde la mto huohuo wa Loire. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimeishughulikia mizabibu hiyo kwa miaka mingi. Chupa ya divai nyeupe ya Dodoma ikifika Majengo, mhudumu atahitaji maneno yaleyale: haina utamu au ina utamu, ni nyepesi au nzito, ina ugwadu kiasi gani, inachukuana na kitoweo gani. Akiwa amefundishwa tikiti, tindikali na mwili, hataweza kuiuza divai ya nchi yake.

Mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza yafuatayo, nayo yapimwe na wasomaji:

divai nyepesi, divai nzito – kwa kadiri kinywaji kinavyoujaza ulimi;
divai kavu – divai ambayo sukari yake imekwisha kuchachuka; kwa mgeni isemwe "haina utamu";
ugwadu – ukali wa asili wa tunda, kama wa ndimu;
ukakasi – hali ya kukaza ulimi na ufizi;
mashapo – hamira na vinginevyo vilivyotulia chini ya chombo;
mchukuano – kupatana kwa chakula na kinywaji; kitenzi chake kuchukuana;
kina kileo – tamko la lazima kwa chakula kilichotiwa divai.

Ili kuonyesha kwamba maneno haya yanatosha, tumeiandika upya sehemu ya kwanza ya kurasa zile: "Muscadet ni divai nyeupe ya Ufaransa, itengenezwayo kwa zabibu za aina ya Melon de Bourgogne. Ni nyepesi, haina utamu, na ina ugwadu kama wa ndimu. Mmiminie mgeni ikiwa baridi. Huchukuana na chaza, kome, na samaki wa bahari, wa ziwa na wa mto." Maandishi haya ni mafupi kuliko yale ya awali, na neno geni ndani yake ni majina mawili tu.

Nakala iliyosahihishwa imekwisha kupelekwa Majengo, na mwalimu ameombwa aijaribu darasani na kutuandikia ni maneno gani wanafunzi wameyashika na yapi wameyakataa. Wafasiri wa hoteli, walimu wa upishi na maofisa wa biashara walio na kurasa kama hizi wanaombwa nao wazilete. Hasa tungependa kupata kutoka kwa wasomaji wa bara maneno ya ladha yatumikayo katika lugha zao pale ambapo pwani husema ugwadu, ili tuone kama lipo linalostahili kuingizwa katika Kiswahili Sanifu.